Mikono Ile Sikuichora Mimi

Mwanangu Saumu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nakusikia unavyogombana na zipu ya begi. Basi lako ni la alfajiri. Ukiamka watakuwapo shangazi zako, na majirani, na dua, na uji utakaolazimishwa kuunywa, na mimi sitapata nafasi. Na hata nikiipata sitaweza. Ulimi wangu unaujua: ukipewa habari ya mtu ni mwepesi, ukipewa yangu mwenyewe unakuwa mzito. Kwa hiyo nimechukua daftari lako la zamani, nimekaa jikoni, naandika.

Habari za kula vizuri, na kulala mapema, na kutazama unafuatana na nani, hizo sina haja nazo. Shangazi zako wanazo za kutosha, na najua zitaingilia sikio hili zitokee lile. Mimi nataka tuzungumze habari ya ile video.

Wiki iliyopita uliniketisha uani, ukanitengeneza ushungi, ukaegesha simu kwenye ndoo, ukaniambia, "Mama, sema yote. Usimhurumie." Nikasema yote, na sikumhurumia. Nilisema jinsi Shebe alivyoichukua picha yangu ya wapiga ngoma, akaandika jina lake peke yake, akapandia juu ya mgongo wangu mpaka akawa mwalimu wa hicho chuo cha sanaa unachokwenda. Ukasema utaitoa mtandaoni siku ya kwanza ya masomo, umekaa darasani unamtazama usoni. "Mungu si Athumani, Mama," ukaniambia, ukacheka. Nilikutazama nikajiona mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako, nikafurahi sana. Toka siku ile chakula hakinipandi.

Hakinipandi kwa sababu ndani ya ile video mna uongo mmoja. Nilisema kuwa Shebe hakuigusa picha ile hata kwa ukucha. Aliigusa, Saumu. Mikono yote iliyomo, mikono kumi ya wapigaji watano, ile ambayo watu wakiitazama wanasema wanaisikia, aliichora yeye.

Usiikunje barua. Soma mpaka mwisho, kisha ukasirike. Na kabla sijaendelea nikuondoe wasiwasi: sikuandikii ili umsamehe. Mimi sijamsamehe na sina nia hiyo. Nikisikia jina lake redioni nazima redio, na nikiambiwa anaumwa huuliza anaumwa sana au kidogo. Ninachotaka ni usiende kupigana na mtu yule kwa silaha niliyoiharibu mwenyewe.

Picha yenyewe unaijua, lakini sijawahi kukueleza ilivyoanza. Mjomba'ko Rajabu, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa mpigaji wa chapuo, ile ngoma ndogo, katika kikundi cha ngoma cha mtaa wetu. Alikufa kwa homa ya siku tatu, wewe hujatimiza miaka minne. Kikundi kile kina desturi yao ambayo sijaiona kwingine: mpigaji akifa, ngoma yake haipigwi na mtu mwaka mzima, lakini haiachwi nyumbani. Idi Pili wakitoka kupita mitaani wanaibeba, na kila wanaposimama kuwasha makuti ili ngozi zikaze, ile ya marehemu hufudikizwa chini, ngozi ikitazama mchanga, nao hupiga wameizunguka. Hawaelezi mtu. Wa mtaani wanajua, na mgeni asipouliza hupita bila kujua.

Idi Pili ya kwanza bila Rajabu nilisimama Barabara ya Nane nimekubeba kiunoni. Wapigaji watano, moto, moshi, watoto wanarukaruka, wanawake wanatunza, na katikati chapuo ya ndugu yangu imelala kifudifudi. Sikulia. Nilirudi nyumbani, nikachukua piko iliyobaki baada ya kuwapamba watu wa Idi, nikachora juu ya boksi la sabuni kwa kijiti kile kile cha kuchorea miguu ya maharusi. Sikujua kama nachora picha. Nilikuwa natafuta mahali pa kuiweka ile ngoma, kwa kuwa moyoni haikukaa.

Shebe alikuwa fundi wa mabango. Walihamia hapa Tanga mjini kutoka Moa, yeye na mama yake, Bibi Mwanakheri, wakapanga Barabara ya Kumi na Mbili. Vichwa vyote vya wanaume vilivyochorwa kwenye saluni za Ngamiani miaka ile vilikuwa vyake, na vyote vilikuwa na sura moja, utadhani mji mzima tulizaliwa na baba mmoja. Nilimwita aniandikie kibao cha hina. Akaliona lile boksi limeegemea ukuta, akaliokota.

"Bi Mwana, hii kachora nani?"

"Miye."

"Weye?"

"Hapana, paka. Si nimekwambia miye?"

Akacheka, lakini boksi hakuliweka chini. "Hii haifai kukaa kwenye boksi la sabuni. Ubao n'nao, rangi n'nazo. Njoo uani kwa mama tuipandishe."

Tukaipandisha. Ilituchukua miezi minne, kila siku baada ya alasiri, uani kwa Bibi Mwanakheri. Wewe ulikuwa ukichezea makopo matupu ya rangi. Bibi akituletea chai ya tangawizi na vitumbua, akisimama nyuma yetu na birika mkononi, akisema, "Huyu wa kushoto mbona kama ana njaa?" Mistari yote ni yangu, na moto, na vumbi, na zile ngoma, na ile iliyofudikizwa. Nyuso ni zangu. Lakini mikono ilinishinda. Mimi niliyezoea kushika mikono ya watu tangu ni msichana, nikiipamba kucha mpaka kiwiko, nilipotaka kuichora inapiga ikanitoka kama vichane vya ndizi. Nilifuta, nikachora, nikafuta. Shebe akavumilia siku nyingi, kisha akaniambia kwa adabu kabisa, "Dada, nikujaribie?"

Kwanza akajizoeza kwa mkaa kwenye ukuta wa uani, juu ya banda la kuku, mikono mingi ya kila namna. Halafu akageukia ubao. Mtu ambaye hajui kuchora vichwa viwili visivyofanana akachora mikono kumi, na kila mmoja ulikuwa na mwenyewe. Ulikuwa unajua huyu ni mvuvi, huyu ni fundi baiskeli, huyu kidole chake kilivunjika utotoni. Nilisimama nikatazama, nikamwambia, "Si mibaya." Ndilo neno pekee nililompa. Nilishikwa na wivu, Saumu, na ulikuwapo kabla hajaniibia chochote. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata baba'ko.

Sasa sikiliza alilonifanyia, maana sitaki ukadhani nimelegea. Picha ilipokauka alisema ataipeleka Dar kwenye maonyesho. "Majina mawili, Bi Mwana. Lako litangulie." Nikaifunga mwenyewe kwa shuka. Miezi ikapita, simu hazipokelewi. Siku moja nilikwenda Chumbageni kumpamba bibi harusi, nikapita duka la dawa kununua panadoli, na ukutani nyuma ya muuzaji kulikuwa na kalenda mpya. Picha yangu. Chapuo ya ndugu yangu. Na chini yake, kwa herufi nzuri: Mchoraji, Shebe. Muuzaji akaniuliza kama najisikia vibaya.

Nilimpigia kwa simu ya yule muuzaji, namba asiyoijua, akapokea. Hakukana. Laiti angekana ningemheshimu kidogo. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini hapewi kisu. "Bi Mwana, usinune. We m'paka hina. Wao wa maonyesho walitaka mchoraji."

Nilikata simu nikarudi kwa bibi harusi nikampamba mpaka magotini, na mistari haikutetereka. Sikumtukana Shebe wala sikumtumia ujumbe. Watu walidhani nimeachia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona mahali atakapoangukia, na mahali penyewe palikuwa ndani ya picha.

Miezi minne tuliyokaa pamoja, Shebe hakuuliza hata siku moja kwa nini ile ngoma ya katikati imefudikizwa. Alikuwa mgeni, hakukua mtaani kwetu. Nami sikumwambia, kwa sababu lilikuwa jambo langu na Rajabu. Aliitazama kila siku akaona ni umbo tu.

Idi iliyofuata wakubwa wa mji walimwalika arudi. Mtoto wa Tanga aliyetukuka, ndivyo walivyomwita, na huku ni wa Moa. Wakatundika bango kubwa la picha ile kukatiza barabara, wakaweka viti na spika, na Idi Pili kikundi kikapita pale kikasimama. Lakini jana yake mimi nilikuwa nimekwenda kwa Mzee Bakari, kiongozi wa kikundi, mpiga ngoma ya vumi, nikamwomba kitu kimoja. Nilimwomba aulize swali.

Shebe alikuwa na kanzu mpya na kofia ya vito. Alizungumza vizuri, mtu huyo anajua kuzungumza, akieleza usiku na mchana aliohangaika na picha ile. Akamaliza, watu wakapiga makofi. Mzee Bakari akaomba kipaza sauti.

"Fundi, tumefurahi. Hebu twambie sie wapigaji. Ile ngoma iliyolala pale kati, kwa nini imelala?"

Shebe akageuka kulitazama bango, kama ndiyo kwanza anaiona. "Aa, ile. Ile ya kujaza nafasi tu, mzee. Katikati palikuwa patupu."

Unajua wapigaji wanavyonyamaza? Si kama watu wengine. Wana tabia ya kugonga gonga ngozi kwa vidole hata wakipumzika, hawajui hata wanafanya. Siku ile vidole vyote vilisimama. Mzee Bakari akasema polepole, "Patupu," akanipa mimi kipaza sauti.

Nilikuwa na haki yote mkononi, mwanangu. Nilikuwa nayo yote. Ningesema: ile ni chapuo ya Rajabu ndugu yangu, picha ni yangu, huyu nilimpa achore mikono akachukua na kiwiliwili. Ingetosha. Lakini nilitazama wale watu, barabara nzima imejaa, nikaona nusu haitoshi. Nikaona nikisema "mikono ni yake" watageuka kulitazama bango na wataona mikono, maana kila mtu huona mikono kwanza, na mimi nitabaki nimesimama pale na vumbi langu na moto wangu. Ule wivu ndio uliosema. Nikasema, "Huyu hakuigusa picha hii hata kwa ukucha."

Barabara ililipuka. Nisikudanganye, ile raha sijaipata tena, si siku ya harusi yangu wala siku uliyozaliwa. Shebe alinitazama akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema neno la mikono. Lakini wanawake walikuwa wameshaanza kuimba, na wimbo ule hawakuutunga papo hapo, niliutunga mimi siku tatu kabla:

Kaiba ngoma, kupiga hajui,
Kaifudikiza, kwa nini hajui,
Muulizeni Shebe, Shebe hajui.

Uliimbwa harusini mwaka mzima. Uliimbwa mpaka na watoto wa madrasa wakitoka chuoni. Baba'ko, Mungu amweke pema, aliniambia siku ile ile jioni, "Mwanahamisi, umeshampiga. Sasa teremka." Sikuteremka. Nilikwenda saluni moja baada ya moja, Barabara ya Kwanza mpaka huko mwisho, nikawauliza wenye nazo kama wanaona vizuri kukaa na kazi ya mwizi ukutani. Vile vichwa vikapakwa chokaa kimoja kimoja. Shebe aliondoka Tanga na begi moja, na mimi nilikuwa nimesimama barazani nimejifunga kanga mpya.

Wiki moja baadaye, Bibi Mwanakheri alikuja kupiga hodi. Alikataa kiti, akakaa mkekani. Hakuwa na ugomvi usoni.

"Mwanahamisi, nimekuja na neno moja. Mwanangu kakosa, nami nimemwambia kakosa. Kakuibia jina. Lakini brashi hakuishika kabisa?"

"Hakuishika, Bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Yeye ndiye aliyekuwa akisimama nyuma yetu na birika. Alikuwa akimwambia mwanawe asile kitumbua na vidole vina rangi. Alinitazama kitambo, si kwa chuki, kama mtu anayesoma tarehe kwenye kopo la maziwa, kisha akajiinua kwa kushika goti. "Haya mwanangu," akasema. "Huenda ni macho yangu ya uzee." Alipogeuka kwenda zake nikaisoma kanga yake mgongoni: Siri ya mtungi aijuaye kata. Na wewe unajua kwetu mwanamke hachagui kanga ya kuendea kwa mtu kwa bahati mbaya.

Alikaa miaka saba mingine mtaa ule ule, na hakumwambia mtu. Angeweza. Angesimama sokoni akasema neno moja nikaanguka mimi. Tulikuwa tukikutana dukani akinisalimu, akiuliza hali yako. Alipokufa sikwenda mazikoni. Nilisema kiuno kinauma. Barabara ya Nane nzima ilikwenda, na mimi niliyekunywa chai yake miezi minne nilijifunika shuka mchana. Katika yote niliyoyafanya hilo ndilo nisilolipatia jina.

Sasa nikuambie uongo ule ulinifanya nini mimi, maana hujawahi kuniuliza kwa nini niliacha kuchora. Watu walikuja, Saumu. Baada ya ile Idi walikuja wengi, hata wa mashirika, wakasema, "Mama, tuchoree nyingine. Na mikono kama ile." Kila mmoja alitaka mikono kama ile. Nilisema macho yananisumbua. Nilisema nina mtoto mdogo, nilisema baba'ko hapendi. Ningeitoa wapi mikono ile? Nilijifungia mlango, na ufunguo nikamwachia Shebe, naye hajui kama anao.

Na wewe. Ulikuwa na miaka tisa ulipokuja na penseli ukaniambia, "Mama, nifundishe kuchora mikono." Nilikufukuza, tena si kwa maneno, nilikupiga kofi. Ulilia mpaka ukapata kwikwi na hukujua kosa lako, na sikukueleza. Hukuwa na kosa. Nilikuwa nimeulizwa swali lile lile la wale watu wa mashirika, na safari hii lilitoka kwa mtoto ambaye nisingeweza kumdanganya kuhusu macho.

Baada ya mwaka mmoja ulikuwa unachora mikono. Niliikuta kwenye daftari la hesabu, kurasa na kurasa. Nilikuuliza umejifunzia wapi. Ukasema, "Kwa Bibi Mwanakheri, ukutani." Umesahau? Ulikuwa ukipita kwake ukitoka shule. Alikuacha ukae mbele ya banda la kuku na daftari, ukiiga ile mikono ya mkaa, na ulipomuuliza kaichora nani alikuambia tu, "Ilikuwapo." Bibi yule hakutaka kukupa chuki yetu. Alikupa ukuta wake, basi. Alipokufa mwenye nyumba akapaka chokaa, lakini wewe ulikuwa umeshaimaliza.

Umeelewa ninachokwambia? Mkono unaochora, huo unaosifiwa, uliokupatia nafasi hiyo chuoni, uliuokota kwa Shebe. Na michoro uliyowapelekea imejaa mikono. Yeye atakuwa ameitazama. Mtu haisahau kazi yake, na hasa ile iliyokanwa mbele ya watu. Ameona mikono yake, ameona jina la baba'ko, ameona Tanga. Hajasema kitu na wamekuchukua. Sijui anataka nini. Inawezekana anataka kuona kama mtoto wa Mwanahamisi atakuja na ule uongo mdomoni, na ukiutoa kwenye video mbele ya dunia atachukua karatasi na mkaa, atachora mkono mmoja darasani mbele ya wenzako, na mambo yatakwisha hapo. Utakuwa mwongo siku ya kwanza. Na yale ya kweli, kwamba aliniibia, kwamba alimwita ndugu yangu patupu, hakuna atakayeyasikiliza tena. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilitaka kukupitisha humo na begi kichwani.

Ningependa kukuambia nakiri kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Hapana. Kilichoniamsha kwanza ni hasira: niligundua kwamba miaka yote hii nimempa Shebe mlango wa kutokea. Kila akikumbuka alichonifanyia, anakumbuka na nilichomfanyia, vinalingana, analala usingizi. Anaweza kusema moyoni, nami nimeonewa. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa, lakini huyu hadhani, huyu nilimwonea kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Nataka aone haya peke yake, asiwe na pa kuegemea. Bibi Mwanakheri alikuja fikrani baadaye, na tangu amekuja hajaondoka, na yeye sina la kumfanyia.

Basi ile video ifute. Ifute kabla basi halijafika Segera, maana nakujua, ukishaona bahari ya watu wa Dar utapata ushujaa. Ukitaka kuwasomea watu, wasomee barua hii, neno kwa neno, na kofi lako limo, na maziko niliyoyakimbia yamo. Sikatai. Nilidanganya kwenye kipaza sauti, siwezi kuomba kukiri kwa kunong'ona.

Lakini kwanza nenda kwake. Si ofisini kwake, hapana. Mbele ya darasa, watu wakiwa wamekaa. Usiende na sauti ya juu, hiyo ilikuwa yangu na unaona iliponifikisha. Nenda umemvalia vizuri. Msalimie kama ulivyolelewa: "Shikamoo Mwalimu." Msubiri aitikie marahaba, asikwepe. Kisha umwambie: "Mimi ni mtoto wa Mwanahamisi wa Barabara ya Nane. Mama anasema mikono ni yako, kumi yote, na alidanganya aliposema si yako. Amenituma niseme hivyo mbele ya watu. Sasa na wewe sema picha iliyobaki ni ya nani."

Halafu nyamaza, Saumu. Najua kunyamaza si kipaji cha ukoo wetu, lakini nyamaza. Akikohoa, akicheka, akisema tuzungumze baadaye, wewe mtazame tu, na usimsaidie hata kwa neno moja.

Mama'ko,
Mwanahamisi